Fotokopi, maiki na swali moja

*Shikamoo. Mimi ni mwalimu wa sekondari Tanga, nafundisha fasihi. Mwandishi ninayempenda tangu nikiwa kidato cha pili atazungumza Dar es Salaam mwezi ujao, na nafasi ya kuingia nimeshapata. Sijawahi kuhudhuria kitu kama hiki. Nina vitabu vyake vitatu, kimojawapo ni fotokopi niliyosomea shuleni. Natamani kumuuliza swali lakini naogopa: yeye huandika kwa Kiingereza, na Kiingereza changu cha kuongea si cha kujivunia. Tena nina muswada wa riwaya niliomaliza mwaka jana, nafikiria kumkabidhi. Nijiandaeje?*

Marahaba, mwalimu. Nianze na hiyo fotokopi, maana naona umeitaja kwa aibu, na mimi nataka uitoe kabatini.

Usiipeleke kutiwa saini. Jioni moja nilikuwa nimekaa pembeni ya mwandishi, nikimsaidia kuuza vitabu vyake, akaja kijana na furushi la karatasi lililobanwa kwa spairo, jalada limechorwa kwa mkono. Mwandishi akatabasamu, akatia saini, akamshukuru. Kijana alipoondoka, mwandishi akaniuliza kitabu chake pale mezani tunauza shilingi ngapi. Nikamwambia. Akanyamaza kidogo, nikajua anapiga hesabu. Mwandishi wa kawaida hupata kama sehemu moja ya kumi ya bei ya kitabu, mara nyingi pungufu, na fotokopi haimpi hata hiyo. Sheria yetu ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999 inajulikana, sina haja ya kukuhubiria. Wala sikuhukumu. Mimi mwenyewe nilisomea vitabu vya namna hiyo, darasa zima na nakala moja halali iliyofungiwa ofisini kwa mkuu wa taaluma.

Ila ndani ya fotokopi hiyo kuna kitu ambacho huwezi kukinunua kwa fedha yoyote: mistari uliyoipiga ukiwa kidato cha pili. Ifungue usiku wa leo. Utakuta sentensi ulizozipenda bila kujua kwa nini, na nyingine utashangaa ulizipigia mstari wa nini. Swali lako limelala humo. Andika sentensi mbili tatu kwenye daftari, pamoja na namba za kurasa, halafu ifunge uirudishe kabatini.

Usijitese kurudia vitabu vyote vitatu. Wengi huenda kwenye mazungumzo na mwandishi kama wanaokwenda mtihani wa taifa, wakakesha wiki nzima, wakafika ukumbini macho mekundu na kichwa kimejaa majina ya wahusika. Rudia kimoja, kile unachokipenda, taratibu. Kama ametoa kitabu kipya, kitafute au angalau usome mwanzo wake, kwa sababu mara nyingi ndicho kilichomleta na ndicho atakachosomea. Nusu ya ukumbi hawatakuwa wamekisoma, kwa hiyo usione haya ukiwa mmoja wao.

Sasa tuje kwenye swali, maana ndilo linalokunyima usingizi. Nimeongoza mazungumzo ya aina hii kwa miaka mingi, na naweza kukuambia kinachotokea. Mwongoza mazungumzo anasema, "Haya, kuna swali?" Ukumbi unakuwa kimya kama msikitini. Baada ya sekunde kama tano anainuka bwana mmoja, anashika maiki kwa mikono miwili, anajitambulisha, anashukuru waandaaji, anashukuru wafadhili, anaeleza alivyokuwa kijijini mwaka 1983, anatoa maoni yake kuhusu kushuka kwa elimu, kisha anamaliza kwa kusema, "Sijui wewe mwandishi unalionaje hilo." Dakika sita zimekwenda. Kipindi chote cha maswali ni dakika ishirini. Wenye maswali halisi wanaanza kuangalia saa zao.

Nami nilishawahi kuwa bwana huyo. Nilikuwa mwanafunzi wa mwaka wa pili, nikasimama mbele ya mshairi niliyemwabudu, nikaongea mpaka jasho likanitoka. Nilipomaliza, mzee akaniangalia kwa upole, akasema, "Ahsante sana mwanangu. Na swali?" Ukumbi ulicheka. Hadi leo nikikumbuka natafuta pa kujificha.

Kwa hiyo kanuni yangu kwako ni fupi: sentensi mbili. Ya kwanza inataja mahali kwenye kitabu, ya pili inauliza. Ziandike, zisome kwa sauti ukiwa jikoni, uone kama pumzi inatosha. Usijieleze wewe ni nani zaidi ya kusema jina lako na kwamba ni mwalimu. Na hili la kwamba ni mwalimu usiliache, kwa sababu waandishi huchangamka wakimsikia mtu anayekifundisha kitabu chao.

Hukunitajia mwandishi wako ni nani. Niruhusu basi nitumie mfano wa Abdulrazak Gurnah, kwa kuwa hofu yako ya lugha inamhusu hasa. Amezaliwa Zanzibar mwaka 1948, Kiswahili ndiyo lugha yake ya kwanza, alikwenda Uingereza mwishoni mwa miaka ya 1960, akafundisha Chuo Kikuu cha Kent kwa miaka mingi, na riwaya zake zote ameziandika kwa Kiingereza. Tangu apate Tuzo ya Nobel ya Fasihi mwaka 2021, kuna maswali mawili ambayo nadhani angeweza kuyajibu akiwa usingizini: "Kwa nini huandiki kwa Kiswahili?" na "Wewe ni Mtanzania au Mwingereza?" Si maswali mabaya. Lile la pili lilitugombanisha sana huku kwetu wiki ile ya tuzo, kila mtu na uraia anaoujua yeye. Ila ukiuliza swali ambalo mtu ameshajibu mara mia, atakupa jibu la mara ya mia na moja. Atakuwa mpole, utamshukuru, utakaa, na utakuwa hujapata kitu ambacho hukuwa nacho ulipokuwa Tanga.

Chukua swali hilohilo la lugha, uliteremshe mpaka kwenye ukurasa. Riwaya yake ya mwaka 1994, Paradise, ambayo Ida Hadjivayanis ameitafsiri kwa Kiswahili kwa jina la Peponi (Mkuki na Nyota, 2022), inaanza na mtoto Yusuf wa miaka kumi na miwili. Kuna tajiri mfanyabiashara, Aziz, anayefikia kwao, kila akija humpa Yusuf sarafu. Yusuf amefunzwa kumwita kwa jina la heshima ya ukoo, kama ndugu wa wazazi wake. Siku moja anachukuliwa na tajiri yule, na huko dukani anakopelekwa anamkuta kijana mwingine, Khalil, anayemwambia wazi: yule si ndugu yako. Baba yako anadaiwa, na wewe umewekwa rehani.

Ukisoma hapo kwa Kiingereza utakuta neno moja tu, "uncle", kwa ndugu wa baba na wa mama. Sisi tunayo mengi. Mjomba ni ndugu wa mama, na ana haki na utani wake. Ndugu wa baba bara tutamwita baba mdogo au baba mkubwa, pwani na visiwani utasikia ami au amu. Kila neno lina deni lake. Basi hebu msikie mwalimu kutoka Tanga akisimama na kusema: "Yusuf anamwita Aziz kwa neno la ukoo, na Khalil anamkataza. Wewe ulipokuwa ukiandika kwa Kiingereza, kichwani ulisikia mjomba au amu?" Sentensi mbili, pumzi moja. Hapo umemuuliza kwa nini haandiki kwa Kiswahili, umemuuliza nyumbani kwake ni wapi, umemuuliza udugu unavyogeuzwa kuwa biashara, na hukutumia neno lolote kati ya hayo. Swali la namna hiyo halimtoki mwandishi wa gazeti la London. Linamtoka msomaji aliyezaliwa ndani ya lugha hiyo.

Ndiyo maana nakwambia usiuogope upungufu wa Kiingereza chako. Kama mwandishi wako anakijua Kiswahili, uliza kwa Kiswahili. Usiombe radhi. Kuna tabia imeingia kwenye kumbi zetu ya mtu kuanza kwa "samahani nitauliza kwa Kiswahili", yuko Dar es Salaam! Kama mwandishi ni mgeni asiyekijua, kutakuwa na mtu wa kutafsiri, na kama hakuna, mwambie mwongoza mazungumzo kabla ya shughuli kuanza, "Swali langu litakuwa kwa Kiswahili, utanisaidia?" Nimeombwa hivyo mara kadhaa na hakuna hata mara moja niliyokataa. Tena kuna faida ya pembeni: mwongoza mazungumzo akishakujua sura, mkono wako atauona mapema.

Na mkono uinue mara tu maswali yanapofunguliwa. Usisubiri. Ule ukimya wa sekunde tano ni zawadi. Anayeuliza kwanza hupata jibu refu kuliko wote, kwa kuwa mwandishi bado hajachoka na muda bado haujabana. Wanaume ndio wenye tabia ya kuinua mikono wakati huo, hata wasio na swali. Nimejizoesha kuwatafuta wanawake kwa macho kabla sijampa mtu maiki, lakini siwezi kumpa maiki mtu aliyekaa na mikono mapajani.

Kukaa: theluthi ya mbele, kiti cha pembeni mwa njia. Maiki hupitia hapo.

Kabla ya maswali, karibu kila mara mwandishi husoma dondoo, dakika kumi hivi. Hapa watu wengi hupapasa simu au hupekua kitabu wafuatilie kwa macho. Usifanye hivyo. Mengine yote utayapata ukiwa nyumbani: mahojiano yapo, video zipo, na majibu yake mengi ameshayatoa kwingine. Kisichopatikana kwingine ni sauti ikisoma maneno hayo mbele yako. Sikiliza anapovuta pumzi. Sikiliza anavyotamka majina ya wahusika, maana inawezekana umekuwa ukiyatamka vibaya kwa miaka kumi na tano. Sikiliza pale anapotarajia watu wacheke na hawacheki.

Tena anachosoma huenda kisiwe kilichochapwa. Charles Dickens, ambaye kuanzia mwaka 1858 alikuwa akisoma kazi zake jukwaani kwa kiingilio, alikuwa na nakala maalumu alizozikata na kuziandikia pembeni kwa ajili ya kusomea watu, aya nzima zimefutwa. Alipokwenda Marekani mwaka 1867, watu wa New York walikesha kwenye foleni ya tiketi, na vitabu vyake walikuwa navyo nyumbani. Kwetu hilo si la kushangaza hata kidogo. Utenzi ulitungwa uimbwe, na mtu aliyesoma maneno matupu ya taarabu kwenye karatasi hawezi kusema ameisikia taarabu. Kwa hiyo akianza kusoma, funga kitabu. Kama akiruka sentensi unayoijua kwa moyo, hapo una swali la pili la akiba.

Kuhusu saini: peleka vitabu viwili halali ulivyonavyo, au ununue kimoja pale mezani, ambacho ndicho kitakachomfurahisha aliyeandaa. Uwe na fedha taslimu kidogo, kwa sababu mtandao wa simu una desturi ya kugoma pale watu mia wanapolipa kwa pamoja. Kifungue kitabu mapema kwenye ukurasa wa ndani wenye jina la kitabu, usimpe kikiwa kimefungwa atafute mwenyewe. Na andika jina lako kwenye kikaratasi ukiweke hapo. Hili linaonekana dogo mpaka uone Khadija akitiwa saini kama Hadija, au Rehema akipewa h mbili. Kwenye kelele za foleni jina halisikiki.

Ukifika mbele yake una nusu dakika. Kama ni mtu mzima na mnasikilizana lugha, shikamoo inatosha kumfungua. Nimeona wazee walioishi ughaibuni miaka arobaini wakiacha kalamu hewani kwa kusikia neno hilo. Kisha mwambie jambo moja la kweli kuhusu kitabu chake na wewe. Usimwambie "mimi ni shabiki wako namba moja", amesikia hivyo kwa watu wanane waliokutangulia. Mwambie mwanafunzi wako alisema nini kuhusu mhusika fulani. Picha ukiitaka, muombe, na simu umpe mtu aliye nyuma yako kabla hujafika mezani, kamera ikiwa imeshafunguliwa.

Na muswada? Uache Tanga.

Najua umesoma mstari huo ukaumia, hivyo nieleze. Mwandishi huyo atakuwa na begi moja na ndege ya kesho yake. Hata akiupokea kwa adabu, huenda ukabaki hotelini. Wengine hukataa kabisa kupokea kazi za watu wasiowajua, na wana sababu: akija kuandika baadaye kitu kinachofanana na chako, umeshamwachia lawama ya wizi. Zaidi ya hapo, ukimkabidhi muswada unabadilisha mkutano wenu. Dakika ile ulikuwa msomaji, na msomaji ndiye mtu ambaye mwandishi amesafiri kuja kumwona. Ukishatoa bahasha unakuwa mwombaji mwingine kwenye foleni.

Muswada wako una njia nyingine, tena nzuri kuliko hiyo. Hukusema umeuandika kwa lugha gani. Kama ni Kiswahili, ile Tuzo ya Kiswahili iliyoanzishwa mwaka 2014 kwa jina la Mabati-Cornell, baadaye ikaitwa Safal-Cornell, imekuwa ikipokea hata miswada ambayo haijachapishwa. Iko pia Tuzo ya Taifa ya Mwalimu Nyerere ya Uandishi Bunifu inayosimamiwa na Taasisi ya Elimu Tanzania. Soma masharti ya mwaka husika, hubadilika. Ukitaka mwandishi wako akusaidie kwenye riwaya yako, muulize swali la ufundi: alijuaje kwamba sura fulani imekwisha, au kwa nini mhusika fulani alimwacha hai. Jibu hilo utaondoka nalo kichwani na litakufaa kuliko muswada kukaa kwenye begi la mtu.

Kuna jambo hujaliuliza lakini nitaligusa, kwa sababu nimewaona wengi wakitoka ukumbini wamenyong'onyea. Huenda asikuvutie. Huenda akawa amechoka na safari, au ni mtu wa sauti ndogo, anayejibu kwa neno moja na kutazama mlango. Kuna mwandishi mmoja ambaye vitabu vyake vilinifanya nicheke peke yangu ndani ya daladala mpaka konda akanisogelea kunikagua. Nilipomwongoza jukwaani, saa nzima hakutabasamu. Baadaye tukiwa kwenye chai aliniambia kwamba anapoandika huandika upya ukurasa mara kumi, na jukwaani hapewi hata mara ya pili. Nilimwelewa. Yule uliyekuwa naye kwenye fotokopi miaka yote hii ni mtu aliyepangwa upya mara kumi. Anayekuja Dar es Salaam ni yule wa rasimu ya kwanza, na hana kosa.

Safari yenyewe usiibane. Mazungumzo haya hutangazwa yaanze saa kumi jioni, yakaanza saa kumi na moja, na foleni ya saini ikaenda mpaka saa mbili usiku. Usipange kurudi Tanga siku hiyohiyo, utaanza kuangalia saa wakati dondoo linasomwa. Tafuta ndugu wa kulala kwake.

Usiku huo kabla hujalala, hata kama shangazi anataka kupiga soga, omba robo saa. Andika alichosema, hasa vile vipande ulivyodhani huwezi kuvisahau. Ndivyo vinavyopotea kwanza, kesho yake vinakuwa vimeshachanganyika na vyako. Andika lile dondoo alilosoma lilianzia wapi na likaishia wapi, alipumzika baada ya neno gani, jina la mhusika alilitamkaje. Jumatatu, kidato cha tatu wakifungua kitabu, wasomee ukurasa huohuo kwa mapumziko yaleyale.